Juanti za distribitere nimebadili mara tatu, mafuta bado yanatoka. Shida iko wapi?

#1 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Bakubwa, jambo. Niko na shida ya distribitere, kile chuma kinachogawa mafuta ya presha, na juanti zake, ile mipira ya kuziba mafuta. Nimechoka kabisa.

Mashine ni sharjeze ya magurudumu, ya Kijapani, ya zamani. Inapakia mchanga na mawe ya ujenzi upande wa barabara ya Kipushi. Distribitere yake ni ya sehemu mbili, moja ya kunyanyua mikono, moja ya kupindua ndoo. Mafuta yanatokea kwenye sehemu ya kunyanyua, upande wa maneti (vishikio vya kuendeshea), pale tiruari (kile chuma cha mviringo kinachoteleza ndani) inapochomoza nje ya mwili kuungana na fimbo.

Mara ya kwanza nilibadili mwezi wa tatu. Nilipeleka juanti ya zamani mjini, tukalinganisha kwa macho, nikapewa inayofanana. Ilishika wiki tatu. Mwezi wa tano nikaletewa zingine kutoka Kitwe na dereva wa lori, zikakaa mwezi mmoja. Juma lililopita nilifunga seti nzima, juanti zote za sehemu zote mbili, nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikakausha kwa upepo wa kompresa. Siku nne tu.

Mashine ikiwa imezimwa, tone linaning'inia chini ya pini ya maneti. Ukilifuta ukahesabu mpaka kumi na tano, lingine limeshajaa. Ikinyanyua mzigo, yanachuruzika mstari. Vumbi jekundu linanasa pale linakuwa tope zito kama udongo wa kufinyangia, na hiyo tope njo inasuguana na tiruari kutwa nzima. Tunaongeza bidoni ya lita 20 kila siku mbili. Patro, bosi wangu, sasa akiniona anaangalia bidoni kwanza, salamu baadaye.

Swali: juanti za siku hizi ni mbovu, ao kuna kitu kingine kinazikula?

#2 Nyundo_Ndogo (Kampemba)
Bandia. Umeuziwa mpira wa viatu. Tafuta juanti ya kampuni iliyotengeneza mashine, utalala usingizi.

#3 Loda_Geita (Geita)
Pole kaka. Usikimbilie kulaumu duka kabla hujaziangalia zile zilizotoka. Sili, ndiyo hizo juanti zenu, ikishakufa unaisoma. Ikiwa imelala bapa upande mmoja na ukiibonyeza hairudi, ilikaa kwenye joto au ilibanwa kupita kiasi. Ikiwa ngumu na ina nyufa, joto tena, au uzee. Ikiwa imevimba na kulegea kama imelowekwa, mpira huo haupatani na mafuta yako. Ikiwa imemegwa pembeni kama panya ameitafuna, presha iliisukuma ikaingia kwenye mwanya kati ya chuma na chuma.

Unazo bado? Zikoje?

#4 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
@Loda_Geita ninazo, nimezitundika kwenye msumari ukutani mwa atelie. Nimezishusha sasa hivi.

Ya kwanza iko bapa na ngumu, ukiikunja inapasuka. Ya Kitwe pia bapa, lakini haijapasuka. Hii ya juma lililopita ni laini bado, ila ukingo wa upande wa nje umemegwa vipande vidogovidogo, na sehemu moja imetoka ulimi mwembamba kama karatasi.

#5 Baba_wa_Likasi (Likasi)
Mwanangu, sasa umesema. Weka hiyo juanti mezani uniskize.

Mimi nilifundishwa kazi hii kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya migodi, wakati ule fundi hapewi distribitere kuifungua mpaka aichore kwanza, na kila mfereji auonyeshe kwa kidole. Wengi wanafikiri ndani ya distribitere kuna juanti zinazozuia presha kubwa isipite. Hakuna. Kati ya tiruari na tundu lake ni chuma kwa chuma, mwanya wa mikroni chache tu, na mafuta yenyewe njo yanaziba. Ndiyo maana tiruari ya tundu hili huwezi kuihamishia tundu lile hata kama zinaonekana mapacha. Zilichaguliwa mbilimbili kiwandani.

Sasa hiyo juanti ya mwisho, ya pale inapotoka maneti, kazi yake si presha ya pompi. Katika distribitere nyingi za namna hiyo, chumba kilicho nyuma yake kimeungana na njia ya kurudi tenki. Kwa hiyo inaona presha ya marejeo tu, ambayo inatakiwa kuwa ndogo. Kama imemegwa upande wa nje, kuna presha iliyoisukuma kutoka ndani. Jiulize presha hiyo ilitoka wapi. Filta ya marejeo imeziba? Tuyo (bomba) ya kurudi imekunjwa, ao imeng'oka ngozi ndani ikawa kama mlango unaojifunga? Tundu la kupumulia la tenki limejaa vumbi? Kuna mtu alifunga rako (kiungio cha bomba) ndogo kuliko ile ya mwanzo?

Usinunue juanti ya nne. Funga manometa (kipima presha) kwenye njia ya kurudi, karibu kabisa na distribitere, usome mashine ikiwa baridi, halafu ikiwa moto, taratibu na kwa gesi yote.

Na zile bulo ndefu zinazoshika sehemu pamoja, ulizikaza na kle dinamometriki, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ao kwa nguvu ya mkono? Ukizikaza kupita kipimo cha kitabu, mwili unajipinda kidogo, tiruari inakwama, tena inaanza kuegemea upande mmoja. Juanti hapo haina maisha.

#6 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Papa, aksanti sana. Kle dinamometriki sina, nilikaza kwa mkono. Manometa nitaazima.

#7 Kolwezi_Jikoni (Kolwezi)
Kwa heshima yote kwa Baba wa Likasi, mimi naona tiruari yenyewe.

Nilipata kisa hichohicho mwaka jana, mashine nyingine lakini kazi ileile ya vumbi. Nilibadili juanti mara mbili, nikapima marejeo, presha ndogo kabisa. Nikakaa chini nikachukua tiruari, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kutoka ncha mpaka mwanzo. Kwa macho huoni kitu. Ukucha ulikwama mahali pawili. Kulikuwa na mikwaruzo miwili ya urefu, myembamba kama unywele, pale kabisa juanti inapotembelea. Kila ukivuta maneti, mkwaruzo unapita chini ya mdomo wa juanti, unabeba mafuta nje, unarudisha vumbi ndani.

Chanzo kilikuwa ile juanti ndogo ya nje, inayofuta vumbi. Ilikuwa imekufa zamani na hakuna aliyeibadili kwa sababu "haizuii mafuta". Kweli haizuii mafuta. Inazuia Katanga yote isiingie ndani.

Hiyo tope unayoeleza kwenye #1 ndiyo msasa wako. Angalia tiruari kabla ya kutafuta manometa.

#8 Loda_Geita (Geita)
Hoja ya Kolwezi ina nguvu, lakini soma tena #4. Sili iliyokatwa na mkwaruzo huwa na mstari, imekwanguka usoni, pale inapogusa spuli, yaani tiruari yenu. Ya huyu kaka imemegwa kwenye ukingo wa nje na imetoa ulimi. Hiyo ni presha.

#9 Kolwezi_Jikoni (Kolwezi)
Ao mwanya uliopanuka. Tundu likishalika, hata presha ndogo inapata pa kuusukuma mpira. Ulimi hausemi presha ni kubwa, unasema tu mwanya unatosha.

#10 Bahari_Kuu (Mombasa)
Habari zenu wa bara. Juanti, distribitere, tiruari, sharjeze! Nimesoma posti tatu nikidhani mnapanga kikosi cha mpira. Huku kwetu ni sili, valvu, spuli, loda, tumemaliza.

#11 Nyundo_Ndogo (Kampemba)
@Bahari_Kuu na wewe ukija Lubumbashi tutakupeleka Kenya kwa dakika kumi, kwa teksi. Ni komini yetu, iko karibu na Katuba. Sili kwetu ni neno jipya, lakini mafuta yanavuja sawa.

#12 Bahari_Kuu (Mombasa)
Hahaha, hiyo Kenya nitaiona siku moja, inshallah. Lakini kwa uzito: vipimo je? Mmelinganisha kwa macho. Mashine ya Kijapani ina oringi (sili za duara) za kipimo cha Kijapani, na huko kwenu kupitia Zambia zinaingia nyingi za inchi. Zinafanana mno.

#13 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Hapo Bahari Kuu amegusa penyewe. Mimi natengeneza mashine za kuchimba mitaro hapa Bukavu na jambo hili limenitia hasara zaidi ya juanti bandia.

Chukua tiruari ya milimita 22. Juanti ya Kijapani ya hapo inaitwa P22: kipenyo cha ndani 21.8, unene 3.5. Ya inchi iliyo karibu nayo ni namba 118: ndani 21.89, unene 2.62. Ukizishika mkononi huwezi kutofautisha ikiwa umechoka na jua linazama.

#14 Loda_Geita (Geita)
@Mwana_Kadutu sahihisho moja, samahani. P22 unene wake ni 2.4. Yenye 3.5 ni P22A, ambayo ndani ni 21.7. Watu wengi wanaagiza P22 wakaletewa P22A, na herufi moja tu ndiyo tofauti.

#15 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Kweli kabisa, nimechanganya. P22 ni 2.4. Asante, na hesabu inazidi kuwa mbaya hivyo. Ukiweka ya 2.62 kwenye mfereji wa kukalia juanti uliochongwa kwa 2.4, umeibana mno, inapata moto kila maneti ikitembea, inalala bapa. Ukiweka 2.4 kwenye mfereji wa 2.62, kubanwa kunashuka kutoka kama asilimia 14 mpaka karibu 6. Haina nguvu ya kushika.

Katuba, pima unene wa zote tatu na kaliba.

#16 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Nimepima. Tiruari ni 22 barabara. Juanti ya kwanza imelala bapa, lakini pale penye afya inasoma 2.6. Ya Kitwe 2.6 pia. Ya seti 2.4.

Basi zile mbili za kwanza zilikuwa za inchi! Miezi mitatu nafunga kitu kisichokuwa chake.

#17 Nyundo_Ndogo (Kampemba)
Imekwisha basi. Vipimo.

#18 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Haijaisha, ndugu yangu. Ya 2.4 ndiyo sahihi, na ndiyo iliyokufa haraka kuliko zote. Siku nne.

#19 Mama_Nitrili (Lubumbashi)
Nawasalimu wote. Mimi niko upande wa pili wa meza, nauza juanti na rulema (beringi) hapa mjini mwaka wa kumi na moja sasa, na ninyi mekanisie mnatuonea.

Kwanza, mtu anakuja na juanti iliyolala bapa, imepakwa mafuta, anasema "nipe kama hii". Kama hii ipi? Ile iliyokufa? Juanti bapa haina tena kipimo chake. Nileteeni kipimo cha tiruari na cha mfereji, upana na kina, nitawapa kinachofaa.

Pili, kaka Katuba, umetaja mwenyewe msumari ukutani. Kama na zile mpya unazitundika hivyo, unaziua kabla hazijafungwa. Jua linakula mpira, na hewa ya karibu na posti ya kulehemu inakula zaidi, kwa sababu ile cheche inatoa ozoni. Juanti inayoning'inia inavutwa pia upande mmoja. Mimi naziweka kwenye mifuko myeusi, ndani ya droo, hazivutwi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, mpira mweusi si mpira mmoja. Kuna nitrili, ambayo ni ya mafuta ya madini. Kuna EPDM, ambayo inatumika kwenye breki kwa sababu inavumilia mafuta ya breki. Ukiiweka EPDM ndani ya mafuta ya idroliki inavimba kama mandazi. Zote mbili nyeusi, zote mbili zinang'aa. Nimewahi kuletewa katoni nzima zimechanganywa. Siku hizi kila katoni mpya natoa moja, napima unene, nalaza ndani ya kikombe cha mafuta ya idroliki usiku mzima, asubuhi napima tena. Iliyonenepa sana, katoni inarudi. Na ugumu pia, unaopimwa kwa Shore: kwa presha ya mashine omba ya Shore 90, si 70. Ya 70 inabonyea kwa kucha vizuri, mteja anaipenda, halafu inamegwa.

Hiyo ya seti ni Shore ngapi?

#20 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Mama, aksanti, sikujua habari ya ozoni. Posti yangu ya kulehemu iko mita mbili toka ule msumari. Nitahamisha leo.

Shore haijaandikwa. Mfuko ulikuwa mtupu, hauna hata namba.

#21 Kivu_Tipa (Goma)
Hamjambo. Naleta kisa changu, huenda kikasaidia.

Mwenye tipa moja hapa Goma alitaka kuongeza mkono mdogo wa kunyanyulia mapipa. Fundi wake akachukua valvu ya pili akaifunga baada ya ile ya kwanza, yaani mafuta yanayotoka mlango wa tenki wa valvu ya kwanza yanaingia kwenye mlango wa presha wa valvu ya pili. Ikafanya kazi vizuri, wote wakafurahi. Mkono wa mapipa ulipobeba pipa lililojaa, sili za valvu ya kwanza zikaruka zote mbili, mafuta yakafika kwenye kioo cha gari.

Njia ya tenki ndani ya valvu ya kawaida haikuumbwa kubeba presha ya kazi. Ukitaka valvu mbili mfululizo lazima ya kwanza iwe na kile kipande maalumu kinachotenganisha njia ya presha inayoendelea mbele na njia ya kurudi tenki, kila moja na mlango wake.

Swali kwa Katuba: hiyo mashine, kuna mtu aliongeza kitu? Kibano cha magogo, nyundo, chochote?

#22 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Mmh. Mashine ilikuja hapa imeshatumika. Nyuma ya distribitere kuna rako imezibwa na kizibo. Sijui ilikuwa ya nini.

#23 Baba_wa_Likasi (Likasi)
Kivu Tipa, umesema vema sana. Mwanangu Katuba, usifungue hicho kizibo kwa udadisi mashine ikiwa inawaka! Piga picha kwanza.

#24 Lafia_Ruashi (Lubumbashi)
Samahani naingilia. Nimesoma mnasema funga manometa, futa tone, pitisha ukucha, na hakuna hata mmoja aliyesema ndoo iwe chini.

Ndoo iguse ardhi. Mota izimwe. Maneti zisogezwe kila upande mara kadhaa presha iliyobaki itoke. Mikono ikibidi kubaki juu, iwekewe nguzo ya chuma. Usitegemee distribitere ileile unayotaka kuifungua ndiyo ishikilie mzigo juu ya kichwa chako.

Na kutafuta tundu kwenye tuyo usitumie mkono, tumia katoni. Mwenzangu alitafuta kwa kiganja. Aliona kitone tu kwenye kidole cha shahada, kama amechomwa sindano, hakuumwa sana, akaendelea na kazi mpaka jioni. Kwenye kituo cha afya walimpaka dawa wakamfunga bandeji. Usiku mkono ukavimba mpaka kiwiko. Mafuta yalikuwa yameingia chini ya ngozi na kutembea kufuata mishipa. Alipofika kwa daktari wa upasuaji, kidole hakikuokolewa. Kidonda cha namna hiyo ni cha kupasuliwa mapema, saa zilezile, hata kama hakiumi. Mwambie daktari neno kwa neno: mafuta yameingia kwa presha.

#25 Mama_Nitrili (Lubumbashi)
Pole sana kwa huyo ndugu. Hii posti iwekwe juu kabisa.

#26 Loda_Geita (Geita)
Asante Lafia. Umetukumbusha la kwanza.

#27 Asubuhi_na_Mapema (Kolwezi)
Mimi nauliza jambo dogo. Katuba, yanavuja zaidi saa ngapi? Kwa sababu hapa mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, digrii ziko chini ya 10. Mashine zangu mbili zinatokwa asubuhi, saa tano zimekauka. Mpira wa baridi unakuwa mgumu, haufuati chuma. Ile ndege ya anga ya Wamarekani ililipuka mwaka 1985 kwa sababu hiyohiyo, oringi ilikuwa baridi.

#28 Bahari_Kuu (Mombasa)
Challenger ilikuwa 1986, tarehe 28 Januari. Na oringi hazikuwa kwenye chombo chenyewe, zilikuwa kwenye maungio ya roketi ya pembeni. Ila kiini ni kweli. Mwanafizikia Feynman alichukua kipande cha mpira huo, akakibana, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya tume, alipokifungua hakikurudi haraka katika umbo lake. Jaribio la mezani, kila mtu alielewa.

#29 Kolwezi_Jikoni (Kolwezi)
Lakini huko Florida asubuhi ile ilikuwa karibu na barafu, na nitrili nzuri inafanya kazi mpaka chini ya sifuri. Baridi ya Kolwezi haiui juanti yenye afya. Inaonyesha tu iliyoanza kuzeeka.

#30 Baba_wa_Likasi (Likasi)
Msisahau baridi inagusa mafuta pia. Katuba, unatia mafuta gani? Ya namba 68, namba ya uzito wa mafuta, asubuhi ya mwezi wa saba ni kama asali. Pompi inasukuma kiasi kilekile, njia ya kurudi ni ileile, basi presha ya marejeo inapanda. Mtu akiwasha na kutia gesi yote palepale, juanti ya mwisho inapigwa kila siku kabla jua halijatoka. Tulikuwa tunasubiri mashine ipate moto, maneti zinatembezwa polepole bila mzigo, dakika kumi na tano. Siku hizi dereva anawasha mguu ukiwa tayari kwenye gesi.

#31 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Ni 68, papa. Na dereva ndivyo anavyofanya.

Kuna jambo lingine sikusema: mikono ikiwa juu na mota imezimwa, inashuka. Saa nzima imeshuka kama urefu wa mkono mmoja wa mtu. Hiyo inahusiana?

#32 Nyundo_Ndogo (Kampemba)
Hiyo ni juanti za pistoni ndani ya verini, ile jeki ya mafuta. Fungua verini.

#33 Loda_Geita (Geita)
Hapana @Nyundo_Ndogo, taratibu. Fikiria valvu imefunga milango yote miwili ya jeki. Mzigo unasukuma fimbo iingie. Mafuta ya chini ya pistoni yanapita kwenye sili mbovu kwenda juu. Lakini fimbo yenyewe inachukua nafasi upande wa juu, kwa hiyo mafuta yanayotoka chini hayatoshei juu. Yatakwenda wapi? Presha inapanda pande zote mbili mpaka fimbo inasimama. Ili mikono iendelee kushuka saa nzima, mafuta lazima yapate pa kutokea, na pa kutokea ni spuli iliyolika, au ile valvu ndogo ya usalama ya njia hiyo haikai vizuri.

#34 Nyundo_Ndogo (Kampemba)
Nimefungua verini nyingi zikapona.

#35 Loda_Geita (Geita)
Sikatai. Sili ya pistoni ikipitisha, presha ndani ya jeki inapanda, na spuli ile iliyolika kidogo inapitisha zaidi. Ukibadili sili, presha inarudi chini, mzigo unashuka polepole zaidi, unasema imepona. Spuli bado inavujisha.

#36 Kolwezi_Jikoni (Kolwezi)
Basi mnarudi kwangu. Tiruari imelika.

#37 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Bakubwa, nimerudi na namba. Manometa niliazima kwa jirani, nikafunga kwenye njia ya kurudi, ndoo chini, kama dada Lafia alivyosema.

Baridi, mota taratibu: bar 9. Baridi, gesi yote: 22. Ikishapata moto, gesi yote: 13.

Nikafungua filta ya marejeo. Karatasi yake imekunjamana yote kuelekea ndani, na chini ya kopo kuna vipande vyeusi vya silikoni, ile ya kubandika, virefu kama tambi. Kuna mtu kabla yangu alipaka silikoni kwenye maungio. Nikaweka filta mpya, nikaosha kopo na tundu la kupumulia la tenki, ambalo lilikuwa limeziba kabisa kwa vumbi. Nikapima tena ikiwa moto: 5.

Nimefunga juanti mpya ya 2.4, Shore 90, kutoka kwa Mama Nitrili. Leo siku ya tisa. Sehemu ya kupindua ndoo ni kavu, ukipitisha kidole kinatoka na vumbi tupu. Sehemu ya kunyanyua imepungua sana, lakini asubuhi kuna unyevu, na mpaka saa sita tone moja.

#38 Baba_wa_Likasi (Likasi)
Mungu ni mwema. Marejeo.

#39 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Marejeo na kipimo. Filta kwa kawaida ina njia ya kukwepea, ikiziba mafuta yanapita pembeni. Bar 22 si filta peke yake, labda na hiyo njia ilizibwa na silikoni. Katuba, angalia hiyo pia.

#40 Kolwezi_Jikoni (Kolwezi)
Na kwa nini sehemu moja imekauka kabisa na nyingine bado? Presha ni moja, juanti za namna moja, zimefungwa siku moja na mkono mmoja. Tiruari ya kunyanyua ulipitisha ukucha?

#41 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Nilipitisha. Upande wa chini kuna mahali panakwaruza kidogo, sina hakika kama ni mkwaruzo ao ni kromi imeanza kuondoka. Papa wa Likasi, nipolishe ao niipeleke ikatiwe kromi upya?

#42 Baba_wa_Likasi (Likasi)
Usiguse na msasa mpaka ujue. Ukiondoa mikroni chache pale inapoziba, umeharibu distribitere. Pale juanti inapotembelea tu, na kama ukucha haukwami, karatasi laini sana na mafuta, kwa mzunguko, si kwa urefu. Kama unakwama, kromi.

#43 Loda_Geita (Geita)
Zilegeze pia zile bolti ndefu, uzikaze upya kwa kipimo. Mwili uliojipinda unaweza kuegemeza spuli moja upande wa chini na kuiacha ya pili salama. Na alama yako iko upande wa chini.

#44 Mama_Nitrili (Lubumbashi)
Kle dinamometriki ninayo dukani, si ya kuuza, njoo uchukue kwa siku moja uirudishe.

#45 Mekano_Katuba (Lubumbashi)
Aksanti mama, nitapita jumamosi. Mashine inatoka kila siku saa kumi na moja alfajiri kwenda barabara ya Kipushi, nitaifungua jumapili. Dereva nimemwambia dakika kumi na tano za kupasha moto, ameanza kukubali.

#46 Kivu_Tipa (Goma)
Na kile kizibo cha #22? Picha bado tunaisubiri.